Kwa Nini Tunampa Pole Mtu Tusiyemkosea

Sogeeni jikoni, nje kuna ukungu, na maharage haya hayataiva kwa kukodolewa macho. Anayeingia arudishie mlango. Leo sina haja ya kutafuta hadithi, maana Eliapenda ameniletea moja kutoka shuleni bila kujua.

Eliapenda amerudi amenuna. Mwalimu wake wa Kiingereza aliangusha chaki, na mtoto huyu kwa adabu zake akamwambia, "Sori, ticha." Mwalimu akamuuliza, darasa zima likisikia, "Kwani wewe ndiye uliyeniangushia? Sori ni neno la aliyekosa. Hukukosa, usiliseme." Wenzake wakamcheka. Sasa anataka kujua kama sisi wa nyumbani tumemfundisha vibaya. Mjukuu wangu, mwalimu hakusema uongo, amesema alivyosomeshwa. Lakini sisi neno hilo tulipolipokea tuliliona kama chungu kizuri kilicho kitupu, tukatia ndani yake chakula chetu cha zamani. Na chakula hicho hakikupatikana kwa urahisi. Kuna mwanamke aliyetetemeka hata magoti yakagongana, ndipo sisi tukakipata.

Hapo kale, huko mlimani Kitopeni, watu walikuwa na maneno ya kila kitu isipokuwa hicho kimoja, kumfariji mtu usiyemkosea. Walikuwa wafinyanzi. Udongo wao ulikuwa bondeni kando ya mto, nyumba zao zilikuwa juu, na katikati kulikuwa na mteremko mkali ambao mvua ikinyesha uliteleza kama bamia. Wanawake waliupanda na kuushuka na mitungi na vyungu kichwani, juu ya ngata. Mwenye chungu kichwani haoni anapokanyaga, kwa hiyo aliyekuwa nyuma alimwitia wa mbele, "Pole! Pole hapo!" maana yake ashushe mguu taratibu, mzigo ni mzito na njia ni mbaya. Neno hilo lilikuwa la njiani tu. Mtu akishafika na kutua mzigo wake, hakuna aliyemwambia tena.

Kwa mtu aliyepatwa na jambo, Kitopeni walikuwa na neno moja pekee, nalo ni "Nimekosa." Mababu zao walikuwa wameamini kwamba hakuna baya linalokuja lenyewe. Nyumba ikiungua, yupo aliyeacha moto. Mtoto akifa, yupo aliyetupa jicho. Basi mtu akipatwa, alizima moto wa jikoni kwake, akafungua mlango, akaketi kizingitini kumngoja mkosaji. Mkosaji alitakiwa aje na kaa la moto kwenye kigae, aseme "Nimekosa," naye aliyepatwa ajibu "Nimekupokea." Hapo moto uliwashwa tena, na mkosaji akavushwa mto asirudi tena Kitopeni maisha yake yote. Nyumba yake na tanuri lake vikawa vya yule aliyemkosea.

Sasa fikirini wenyewe. Nani angethubutu kumsogelea mwenye msiba? Ukimsemesha tu, hata kumsalimia, umejitwika kosa. Ukimpelekea kaa la moto, umekwisha. Watu waliweka maji na ndizi mbivu karibu na kizingiti wakiwa wamempa mgongo, kisha wakaondoka haraka kama wezi. Aliyepatwa aliketi na mlango wazi na jiko la baridi mpaka mwezi mwingine uandame, ndipo wazee walipomruhusu kuwasha moto wake mwenyewe. Mkosaji alikuja mara chache sana. Wengine hawakuufikia huo mwezi mwingine. Msicheke, nanyi mnazo desturi zenu ambazo wajukuu zenu watazishangaa.

Nakiete alikuwa mfinyanzi wa Kitopeni, mjane mwenye watoto wawili wadogo na mama mzee aliyeitwa Bibi Mkunde, ambaye miguu yake ilikuwa imeshachoka. Wote watatu walikula kwa mikono ya Nakiete. Jirani yake alikuwa Nambua. Ua wa minyaa tu ndio uliowatenga, tena ulikuwa na tundu walilopitishiana chumvi, na moto, na umbea. Waliolewa mwaka mmoja, wakajifunza kuchoma vyungu kwenye tanuri moja, na Nakiete alipofiwa na mumewe, Nambua hakuja, kwa kuwa sheria ni sheria. Lakini usiku na mchana Nakiete alimsikia upande wa pili wa ua akikohoa kwa makusudi, kikohozi cha mtu asiyeumwa, na alijua anaambiwa nini. Hilo hakulisahau.

Siku moja ya kipupwe, mume wa Nambua, aliyeitwa Mbazi, alipanda mteremko na kapu la udongo begani. Mvua ilikuwa imepita. Akateleza, akaenda chini, kichwa kikapiga jiwe. Wanaume walimbeba kimya, wakamzika kimya, wakaenda kuoga mtoni kimya. Nambua akamwagia maji jiko lake, akafungua mlango, akaketi kizingitini. Mapajani alikuwa na mtoto mchanga ambaye kitovu chake kilikuwa kimeanguka juzijuzi tu. Mwezi ulikuwa ndio kwanza umeandama.

Nakiete alipopata habari alikuwa anakwangua chungu kwa gunzi la hindi. Mkono ulisimama. Kabla hata hajamlilia Mbazi, moyo wake ulimkumbusha jambo. Asubuhi ile, kabla ya mvua, yeye alikuwa amepanda mteremko uleule na mtungi wa maji. Pale penye jiwe alijikwaa, mtungi ukayumba, maji yakamwagika njiani. Hayakuwa mengi. Alikuwa amecheka peke yake, akaweka ngata yake sawa, akaendelea. Baadaye mvua ikanyesha, ikalowesha kila mahali, na sasa hakuna mtu aliyeweza kujua ni maji yapi yaliyomtelezesha Mbazi. Maji yakimwagika hayazoleki, wala hayaulizwi.

Tangu saa hiyo Nakiete hakuwa na raha. Alifinyanga, na midomo ya vyungu ikawa inakwenda upande. Alipika, akasahau chumvi. Kila mtu aliyepita na kumsalimia, yeye alimtazama usoni kwanza kuona kama anajua. Alienda mtoni akapita pale penye jiwe upesi, uso chini. Aliona kwamba wanawake wengine nao wakifika pale walikuwa wakitazama chini na kuharakisha, lakini hofu yake ilikuwa kubwa mno hata asijiulize kwa nini.

Kilichomtesa zaidi kilikuwa sauti. Kupitia tundu la ua alimsikia mtoto wa Nambua. Mwanzoni mtoto alilia kwa nguvu, kama watoto wanavyolia, na Nakiete aliziba masikio. Ukungu ulishuka na kukaa, haukuondoka hata mchana. Nyumba ya Nambua haikutoa moshi. Kisha kilio kikawa chembamba. Kisha kikawa cha hapa na pale, kama paka aliyefungiwa mbali. Nakiete akagundua kwamba sasa hakuogopa kukisikia. Aliogopa kutokisikia. Aliacha kazi akaenda kusimama karibu na ua, akingoja, na mtoto alipotoa sauti naye ndipo alipovuta pumzi.

Alijaribu kukohoa. Alikohoa kama Nambua alivyomkoholea zamani zile. Kimya. Akakohoa tena. Upande wa pili hakuna aliyejibu, na hapo Nakiete akaogopa kweli.

"Mama," alimwambia Bibi Mkunde, "mtoto yule hafiki mwezi mwingine."

Bibi Mkunde alikuwa anaota moto, mikono miwili juu ya makaa. Hakugeuka. "Jicho lako lisivuke ua, mwanangu."

"Nikimpelekea kigae kimoja tu cha moto?"

"Utavushwa mto. Mimi nitabaki na nani? Hawa watanyonya vidole?" Bibi akawaonyesha wale wadogo kwa kidevu. Kisha sauti yake ikashuka. "Au una neno hujaniambia?"

Nakiete akasema hana. Ulikuwa uongo, na mama mtu aliujua kuwa uongo, wakabaki wawili wanatazama makaa na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Mkubwa wa wazee wa Kitopeni alikuwa Mzee Senkoro. Yeye ndiye aliyesimamia sheria, na hakuwahi kumwonea mtu wala kumpendelea mtu. Alikuwa mkali wa taratibu, mtu wa maneno machache. Jambo moja tu lilikuwa la ajabu kwake. Mlango wa nyumba yake haukufungwa kamwe, masika wala kipupwe, na jikoni kwake hakukuwa na majivu. Ujana wake alizaa mtoto mmoja wa kiume, Kiondo, na mtoto huyo alichukuliwa na mto. Senkoro aliketi kizingitini akamngoja mkosaji. Mwezi ukaandama, wazee wa wakati ule wakamruhusu kuwasha moto, naye akakataa, akasema atangoja. Mvi zikamkuta angali anangoja. Binti zake walimpelekea chakula kilichokwisha kupikwa, akakila mlangoni huku uso umeelekea njia. Watu walimzoea hivyo, kama mnavyozoea paa linalovuja.

Ikafika asubuhi ambayo Nakiete alisimama kwenye ua akasikiliza, na hakusikia kitu. Akangoja. Hakusikia kitu. Akaweka jicho kwenye tundu, akamwona Nambua ameketi palepale, khanga imelowa ukungu, na kichwa chake kimeinama juu ya kile kifurushi mapajani. Midomo ilikuwa inamchezacheza, kama anayezungumza na mtu. Kile kifurushi kilitikisika kidogo, au ni macho ya Nakiete yaliyotikisika. Hakuweza kujua. Mambo asiyoweza kuyajua yalikuwa yamezidi.

Alirudi ndani, akachukua kigae cha chungu kilichovunjika, akatia makaa. Kaa moja likaanguka sakafuni na akalirudisha kwa vidole bila kusikia moto. Bibi Mkunde akaona. Nakiete alitegemea kwamba mama yake atapiga kelele. Lakini Bibi akavuta wale watoto wawili karibu yake, akawafunika na khanga yake, mmoja huku na mmoja huku.

Nakiete hakukipitisha kigae tunduni. Alisema moyoni, nikimpelekea kwa siri nitakuwa nimekwenda kama mwizi, na mwizi ni mkosaji. Akapitia njia kuu, mbele ya watu, asubuhi, kigae mkononi na moshi ukimpanda usoni. Wanawake waliokuwa wakikanda udongo wakasimama. Mtu mmoja akasema, "Ni Nakiete! Jamani, ni Nakiete!" Na mwingine akakimbia kumwita Mzee Senkoro. Nakiete alisikia yote hayo na magoti yakagongana, na njia ile fupi ya kwenda kwa jirani ikawa ndefu kuliko mteremko. Alipofika uani kwa Nambua, watu walikuwa wamejaa nyuma yake, na Mzee Senkoro alikuwa amesimama mbele yao na fimbo yake.

Nambua akainua uso. Macho yalikuwa yamezama. Alikitazama kigae, kisha akamtazama aliyekishika, na Nakiete akaona uso wa rafiki yake ukibadilika, kwa maana kaa la moto lilikuwa na maana moja tu.

Hapo ndipo Nakiete alipogundua kwamba hana la kusema. Alikuwa amefikiri njia nzima jinsi ya kufika, hakufikiri atasema nini. Neno lilikuwa moja, "Nimekosa," na hakujua kama ni la kweli. Alimtazama Nambua pale chini, shingo imekaza, mabega yamepanda, mwili mzima umejikaza kama wa mwanamke aliyebebeshwa mtungi usiobebeka na bado hajaona pa kukanyaga. Mdomo wa Nakiete ukafunguka wenyewe.

"Pole," alisema. "Pole, Nambua."

Watu wakanong'onezana. Neno la mteremkoni linafanya nini mlangoni mwa mtu? Nambua naye alimtazama kama hakuelewa.

Mzee Senkoro akapiga fimbo chini. "Nakiete, umemsemesha aliyepatwa, na kaa la moto unalo mkononi. Umejitwika." Akamgeukia mwenye msiba. "Nambua, mkosaji wako amekuja. Unampokea?"

Nambua hakumjibu mzee. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kutotumika. "Nakiete, ni wewe?"

Nakiete angeweza kusema siyo mimi. Jibu hilo alikuwa nalo ulimini. Lakini alikuwa amelala nalo na kuamka nalo siku zote zile, na lilikuwa limemkataa.

"Sijui," alisema. "Asubuhi ile nilijikwaa pale penye jiwe nikamwaga maji. Baadaye ikanyesha mvua. Sijui kama ni maji yangu, sijui kama ni mvua. Nimelala macho nikitafuta kujua, nimeshindwa. Sikuja kwa sababu najua. Nimekuja kwa sababu simsikii mtoto."

Mto ulikuwa unasikika bondeni. Nakiete alijua kwamba amejimaliza, na kitu pekee alichokiwaza ni wale watoto wawili chini ya khanga ya bibi yao, nani atawasuka, nani atawapunguzia moto uji.

Msidhani Nambua hakujaribiwa. Alikuwa binadamu kama nyinyi. Siku zote zile alikuwa amemtafuta mtu wa kumchukia, akapitisha majina ya kijiji kizima kichwani mwake, na sasa huyu hapa, amejileta. Kusema "Nimekupokea" kulikuwa rahisi, kungemaliza kungoja, na pengine kungempa hata usingizi. Nakiete alisimama, kigae kinamuunguza vidole, na hakukiweka chini.

"Wewe tu ndiye uliyemwaga maji njia ile?" Nambua aliuliza hatimaye.

Nambua hakuwa anamtazama Nakiete tena, alikuwa anawatazama wanawake waliokuwa nyuma. Mmoja akatazama miguu yake. Mwingine akashika ngata yake kama anayetaka kuificha. Hakuna mwanamke wa Kitopeni aliyewahi kupanda mteremko ule bila mtungi wake kumwaga tone. Kila mmoja alikuwa amekaa na woga wake nyumbani kwake, akidhani ni wake peke yake.

"Na mvua je?" Nambua akasema. "Mvua nayo mtaivusha mto?"

"Mvua haivushwi," alisema Mzee Senkoro. "Anavushwa mtu. Sheria inataka mtu."

Ndipo Nambua aliponyanyuka. Alijishika kwenye mwimo wa mlango, magoti yalikuwa yameganda kwa kukaa. Akavuka kizingiti chake, jambo ambalo aliyepatwa hakutakiwa kulifanya, akapita mbele ya Nakiete, akaenda mpaka kwa yule mzee akasimama mbele ya fimbo yake. Na kifurushi kile mikononi mwake kikatoa sauti, sauti ndogo ya hasira ya mtoto aliyeamshwa. Nakiete alipoisikia, machozi yalimtoka kabla hajajua kwamba analia.

"Pole, mzee wangu," Nambua alisema. "Pole ya Kiondo."

Kitopeni nzima ikapoa kama maji. Jina hilo halikuwa limetamkwa mbele ya Senkoro tangu watu wazima wale walipokuwa watoto. Mzee akamnyooshea fimbo.

"Wewe," alisema, "unajua unalolisema? Umejitwika kifo cha mwanangu."

"Ndiyo, mzee."

"Kiondo alikufa wewe hujazaliwa! Mama yako mwenyewe alikuwa hajaolewa!"

"Nilikuwa sijazaliwa," alikubali Nambua.

"Basi kwa nini unanipa hilo neno lenu? Umenikosea nini?"

"Sijakukosea, mzee. Nimeketi mlangoni siku hizi chache tu na nimekaribia kuwa jiwe. Wewe mlango wako haujafungwa maisha yangu yote."

Mzee Senkoro aliwatazama watu wake kama aliyeamshwa katikati ya safari asijue amefika wapi. Maisha yake yote alikuwa amemngoja mtu mmoja aje aseme amekosa, na kama mtu huyo hakuwapo, kama mto ulikuwa umejaa tu kama mito inavyojaa, basi alikuwa amengoja nini? Nadhani jambo hilo ndilo aliloliogopa kuliko mengine yote, na ndiyo maana alikuwa mkali. Fimbo ikamtoka. Akaketi chini, pale pale kwenye tope, mzee mzima, akalia kwa sauti kama watu wanavyolia siku ya kwanza. Alikuwa hajalia siku ya kwanza. Siku ya kwanza alikuwa anangoja.

Mwanamke mmoja akatoka nyuma, akachuchumaa karibu naye, akasema, "Pole, mzee." Mwingine akamwendea Nambua. "Pole, mwenzangu." Alisema polepole, kama anayeonja mboga asiyoijua, na alipoona kwamba ardhi haijafunguka akasema tena. Hakuna aliyevushwa mto siku hiyo. Nani angemvusha nani?

Nambua alirudi akachukua kigae mkononi mwa Nakiete. Vidole vya Nakiete vilikuwa vimebabuka, na Nambua aliviona.

"Nawe pole," alisema.

"Na wewe, umepoa?" Nakiete akamuuliza. Ndivyo wafinyanzi walivyoulizana juu ya vyungu vilivyotoka motoni, kwa kuwa chungu cha moto hakiguswi wala hakiharakishwi. Kinaachwa kipoe chenyewe, na mtu hukaa karibu kukilinda na upepo.

"Bado," alisema Nambua. "Lakini kaa."

Wakaingia wote wawili, wakawasha moto, wakamvua mtoto nguo mbichi na kumweka karibu na joto mpaka akakunjua ngumi zake. Moto ulipokolea, kivuli kikaziba mlango. Alikuwa Mzee Senkoro, na tope kwenye nguo zake. Mkononi alikuwa na kipande cha chungu.

"Kama makaa hayo yanatosha," alisema, "nitilieni na mimi."

Watu walioishi karibu naye walisimulia kwamba siku hiyo waliona moshi kwenye paa lake, na jioni walisikia mlango wake ukifungwa. Bawaba zilikuwa zimeshika kutu. Mlango ulilia sana kabla ya kukubali.

Nakiete hakujua kamwe kama ni maji yake. Alizeeka bila kujua. Kila mvua iliponyesha alishuka na kapu la majivu akayamwaga pale penye jiwe pasiteleze, na mara nyingi alimkuta Nambua ameshatangulia kuyamwaga. Hawakulizungumza.

Na tangu siku hiyo, mtu akipatwa hatuulizi kwanza ni nani aliyefanya. Tunakwenda, tunasema pole. Tunampa aliyefiwa na aliyeumwa, tunampa aliyejikwaa njiani ambaye hatumjui hata jina, tunampa aliyetoka kazini, kwa kuwa kazi nayo ni mzigo na alikuwa ameubeba. Hatusemi tumekosa. Tunasema tumeona umebeba. Ndiyo sababu anayepewa pole hujibu "Asante," au "Nimeshapoa," hata kama bado, na anayesikia anajua kwamba bado, na anakaa. Kiingereza kilipotufikia tukalibebesha sori kazi hiyohiyo. Kama kwa Waingereza wenyewe lina kazi nyingine, si neno, hata jembe la mgeni hulima shamba la mwenyeji. Kesho, Eliapenda, mwalimu akiangusha chaki mwambie pole kwa Kiswahili, umwokotee, ukae chini. Na wewe mpe pole moyoni, maana inaelekea alikotoka hakuna aliyempa.

Sasa funua chungu tuone maharage. Taratibu, shika na kitambaa, mfuniko una... Ee! Umeungua? Lete kidole nikione.

Haya, mmesikia wenyewe? Jiko zima limesema pole kwa pamoja, mpaka huyu mdogo aliyekuwa amelala, na hakuna hata mmoja aliyemchoma Eliapenda.